Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu vitabu vyangu vya wanyama

Nimeona bora niyaandike yote pahala pamoja. Kila wiki napokea ujumbe wa sauti wa dakika sita sita, mwalimu wa skuli anauliza hili, mzazi analalamikia lile, na wanafunzi wa chuo kikuu wenye risechi zao ndo usiseme. Najibu kama ninavozungumza, sarufi mtanisamehe, kazi hiyo ni ya mhariri wangu na hapa hajapita.

Umeanzaje kuandika vitabu vya watoto?

Mie mtu wa Pemba, nimezaliwa Konde, kwetu na msitu wa Ngezi si mbali, alafu nikaja Unguja kusomea ualimu, nikaolewa, nikabakia. Nimesomesha darasa la kwanza mpaka la tatu miaka 20 na kitu, skuli ya upande wa kusini huko, ukichungulia dirishani kima punju wako juu ya mwembe. Sasa siku hiyo tunasoma hadithi ya fisi na sungura, mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniuliza "Mwalimu, fisi anakaa wapi?" nikamwambia porini, akasema "Pori lipi?"

Nikakwama. Unguja hakuna fisi, Pemba hakuna fisi, simba tunamuona kwenye noti ya elfu mbili na ndovu kwenye ya elfu kumi, basi, na huku kwetu ukimwambia mtu tembo atafikiria kwanza kile kinachogemwa mnazini. Yule mtoto anajua vizuri sana kuwa fisi ana tamaa, lakini hajui kwamba kima anayemuona kila siku dirishani asili yake ni kisiwa hiki tu, dunia nzima hakuna pengine. Na kosa si lake, hakuna alomwambia. Jioni nikachukua daftari nikaandika hadithi ya mwanzo, kurasa nane, nikachora mwenyewe, kima akatoka kama paka aliyerowa. Nikatoa fotokopi 40 kwa pesa yangu. Ndo hivo.

Hadithi zako ni za kweli au za kubuni?

Zote mbili, na nna masharti yangu. Sie tukianza hadithi mtambaji anasema "hadithi hadithi" na watoto wanaitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", kwaiyo uongo tumeshaukaribisha toka mlangoni, hakuna anayedhulumiwa. Kima wangu anazungumza, anagombana na shemegi yake, anakwenda harusini na kanga mpya. Lakini hali ndizi mbivu. Hapo siregezi kamba hata kidogo.

Kwa nini? Kwa sababu kima punju tumbo lake lina vyumba vyumba, limeumbwa kuchachusha majani, na tunda bivu lenye sukari nyingi linamvuruga, ndo maana utamkuta anachuma maembe machanga na yale mabivu anayapita. Alafu majani ya mwembe na ya mkungu, ambayo anayapenda mno, yana sumu sumu zake zinazomsumbua, sasa dawa yake unajua nini? Mkaa. Anashuka mtini, anakwenda kwenye tanuu la mkaa au jikoni kwa mtu, anabeba kipande, anakaa pembeni anakitafuna, na mtoto wake anamuangalia na kesho naye anafanya hivo hivo. Watafiti wameyaandika hayo toka miaka ya 1990, wanawake wa vijiji vya karibu na msitu wa Jozani walikuwa wanayajua kabla, wakiwafukuza na mwiko. Sasa wewe una mnyama anayeiba mkaa kutibu tumbo, ndizi unampa ya nini? Hadithi imeshajiandika yenyewe.

Kwaiyo mnyama wangu aseme uongo atakavo, mie ndo nisimsingizie.

Mbona kwenye toleo la kwanza kima ana dole gumba?

Naomba tuyamalize leo. Najua kuwa kima punju hana dole gumba, pana kijinundu tu, tawi analishika kwa vidole vinne. Mchoraji wa mwanzo alikuwa kijana wa bara, hodari wallahi, ila hajawahi kuvuka bahari kuja huku, nikamuelezea kwa simu tu na yeye akachora mkono wa binadamu akautia manyoya. Na ukurasa wa 11, nyuma ya kima, kwa mbali, akatia twiga. Nilipomuuliza akanambia "niliona hapo pako wazi mno mama". Prufu sikuoneshwa, vitabu vikatoka kiwandani hivo hivo, na walogundua wa mwanzo ni watoto wa darasa langu, walikaa wakahesabu vidole mmoja mmoja.

Toka siku hiyo mchoraji wangu yoyote kwanza anapanda daladala ya Makunduchi, anashuka Jozani, anashinda kutwa chini ya miti, nauli na chakula juu yangu. Nlonaye sasa alikaa siku tatu. Uso mweusi, pua na midomo ya pinki, mgongo mwekundu, zile nywele nyeupe zilizosimama kama mtu alotoka usingizini, vyote anavo kwenye kidole. Twiga hakumtia.

Mwanangu kasoma kitabu cha kasa, akalia. Kwa nini umetia mauti kwenye kitabu cha watoto?

Hili nimeulizwa kwa upole na nimeulizwa kwa matusi, ntalijibu kwa kirefu.

Kitabu kile mwanzo kilikuwa kitamu toka jalada mpaka jalada. Ng'amba, aina ya kasa, anatoka baharini usiku kisiwani Misali, anachimba, anataga, anafukia, anarudi, alafu vifaranga vinatoka vinakimbilia maji. Nilieleza kuwa mchanga ukiwa na joto zaidi vinatoka vya kike na ukiwa baridi kidogo vya kiume, watoto walilipenda sana hilo, wakawa wanabishana nyumbani kwao kapigwa jua nani. Nikaeleza na ile habari ya wazee kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, msala haukuwepo, akasema basi kisiwa hiki ndo msala wangu. Kitabu kizuri. Nilijisifu.

Machi 2024 kisiwani Panza, kule kusini ya Pemba, watu wakala nyama ya kasa. Wakafa watoto 8 na mama mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Na haikuwa mara ya mwanzo, Novemba 2021 Pemba hiyo hiyo walikufa watu 7. Mie nikakaa na kitabu changu mkononi, kurasa 24, kasa mzuri, kasa mpole, kasa anarudi ufukweni alikozaliwa, na hakuna hata mstari mmoja uliosema usimle. Sisemi kitabu kingewaokoa wale, sijidanganyi kiasi hicho. Ila nilikuwa nimeiandika bahari kama vile hakuna mtu mwenye njaa anayekaa kando yake.

Nikakiandika upya. Sasa mna ukurasa ambao bibi anampokonya mjukuu sahani. Na inaelezwa wazi: sumu inatokana na vitu anavyokula kasa huko baharini, yeye haimdhuru, inamdhuru anayemla, huijui kwa macho wala kwa harufu, kuipika hakuiondoi, dawa ya kuivunja haipo, na mama anayenyonyesha akila inapita kwenye maziwa. Hilo la maziwa mhariri alitaka litoke, akasema zito kwa watoto. Nikakataa, manake kwetu mtoto wa darasa la tatu ndo anayeachiwa mdogo wake mgongoni, na kama hajui yeye nani ajue.

Mwanao akilia mkalishe umsomee tena ule ukurasa. Akilia tena, mpigie simu bibi yake.

Kitabu cha chui kinafundisha uchawi?

Hakifundishi. Kinauhadithia, ni mambo mawili mbali mbali. Chui wa Unguja niliyemuona mie ni yule wa makumbusho ya Beit al-Amani, kakaushwa, macho ya kioo, mdogo kuliko unavomfikiria. Watu waliamini kuna wenye kuwafuga na kuwatuma, kwaiyo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipokuja ile kampeni ya Kitanzi, mganga aliyesaka wachawi, mchawi na chui walisakwa kwa pamoja kama vile ni kesi moja, na chui wakauliwa mmoja mmoja mpaka ikawa habari tu. Helle Goldman na Martin Walsh wamelitafiti jambo hili miaka mingi, wamekaa na wazee wawindaji wakawasikiliza. 2018 timu ya televisheni kutoka Marekani wakasema kamera yao imemnasa mmoja, mie nasubiri amuone mtu mwengine.

Kwenye kitabu changu babu anamsimulia mjukuu usiku ule wa msako, na mjukuu anauliza "Babu, ulimuona akitumwa?" na babu ananyamaza. Ukurasa unaofuata ni picha tu, hauna maneno. Skuli moja ilinirudishia katoni nzima kwa sababu ya babu kunyamaza. Walisema angejibu.

Popo wa Pemba ni wabaya? Wanaleta maradhi?

Usimshike na usile tunda alilolitafuna, hilo nawaambia watoto wote, yeye na mnyama mwengine yoyote wa mwituni. Lakini ubaya, hapana. Utotoni kwetu kaka zangu waliwawinda, kuna watu waliwapiga kwa bunduki wakati wamelala, na miti mikubwa nayo inakatwa, mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawa wamebaki wachache mno na ni mnyama ambaye nje ya Pemba hayupo. Popo mmoja anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, huwezi kuwachinja kama kuku ukategemea watarudi. Miaka ya 1990 vijiji vikaanza kuwalinda wenyewe, Kidike ndo pahala panapojulikana zaidi, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Baadhi ya makundi yalipona kwa sababu yalikaa kwenye miti ya makaburini na makaburini hakuna anayethubutu kukata mti. Hilo peke yake ni kitabu na nnakiandika, msiniibie.

Ni mkubwa, mabawa akiyatandaza ni kama meta moja na nusu, sura kama mbwa mdogo mwekundu. Haendi kwa mwangwi kama vipopo vya kwenye dari, huyu anaona kwa macho. Na mbegu anazozitema na kuzidondosha usiku ndo miti ya kesho.

Kwa nini unaandika "skuli" na si "shule"?

Kwa sababu watoto wangu wanakwenda skuli. Mhariri mmoja wa bara alinibadilishia zote, skuli ikawa shule, chuoni ikawa madrasa, mbatata za urojo zikawa viazi. Urojo wa viazi nani anaujua? Nilizirudisha kwa kalamu nyekundu. Skuli imo kwenye kamusi, mbatata imo, sikuzitunga mie. Kipemba cha kwetu Konde natia kwenye mazungumzo tu, bibi akisema, na hata hapo kidogo, manake nataka mtoto wa Tanga na wa Mombasa naye asome.

Majina ya wanyama ndo nagombana zaidi. Nikiletewa "kobe wa baharini" naandika kasa, kwa sababu kobe ni wale wa kisiwa cha Changuu, walioletwa kutoka Shelisheli 1919, wanne wa mwanzo, na kasa ni mwengine kabisa. Na kasa wenyewe kuna uziwa na kuna ng'amba. Lugha imeshafanya kazi yote hiyo wewe unakuja kuifuta!

Unapata pesa nyingi?

Mrabaha wangu ni asilimia 10. Kitabu cha shilingi 5,000 nakula 500. Fanyeni hesabu alafu mniache.

Mbona vitabu vyako vyote kurasa 24?

Karatasi ya mtambo. Ile karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 8 au 16, kwaiyo kitabu kinakwenda 16, 24, 32, ukiandika hadithi ya kurasa 25 mchapishaji anakuangalia kama umemwomba figo. Kuna hadithi nimezikata kwa ajili hiyo tu, na kusema kweli karibu zote zilikuwa bora baada ya kukatwa, isipokuwa ya komba. Ya komba iliuma. Yule komba alolewa tembo la mgema akalala ndani ya kibuyu alikuwa na ndoto ya kurasa mbili, nzuri, ya kuchekesha, ikaondoka yote.

Hadithi zako zina funzo gani? Mwongozo wa mwalimu uko wapi?

Walimu wenzangu nawapenda lakini hili linanichosha. Kitabu kimetoka leo kesho mtu ananiandikia "tunaomba maswali ya ufahamu na mafunzo matano". Mafunzo matano! Kaa wa nazi anapanda mnazi usiku, anatoboa nazi kwa gando lake, anakula, mchana anajificha kwenye jiwe. Kazaliwa baharini lakini akishakuwa mkubwa ukimtupa baharini anakufa maji. Funzo lake mie silijui, naye hana habari. Nakumbuka darasa langu nilipowasomea hicho cha kufa maji, chumba kizima kikanyamaza, watoto 50 na zaidi, alafu mmoja akasema "kaa?" Basi. Ule unyamavu ndo ninaoutafuta. Mkitaka maswali ya ufahamu waachieni wao watunge, watakuulizeni ambayo hamtoyaweza.

Utaandika lini kuhusu kunguru? Bundi? Mjusi kafiri?

Kunguru nnacho kwenye mswada, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka Bara Hindi mwisho wa karne ya 19 wale taka za mji, wakala taka, wakamaliza, wakahamia kwenye mayai na vifaranga vya ndege wetu. Yeye ndo adui wa kitabu na ndo mhusika ninayempenda kuliko wote, sijui nifanyeje.

Bundi wa Pemba, yule mdogo, nimeandika na wachapishaji wawili wamesema bundi ni nuksi, wazazi hawatonunua. Mjusi kafiri namuachia ustadhi.

Nataka na mie niandike vya watoto, nianzie wapi?

Anzia kumuangalia mnyama mmoja. Mmoja! Watu wananiletea miswada ina pomboo, kasa, kima na pweza wote wanafanya mkutano, na hakuna hata mmoja nnayemuona. Kaa naye wiki, andika anakula nini, analala wapi, anamuogopa nani. Alafu msomee mtoto ambaye si wako, mtoto wako atakusifia kwa sababu anataka chakula. Akianza kuchezea kandambili, hapo alipochezea ndo pa kukata.

Sentensi fupi kwa darasa la kwanza, mbili tatu kwa ukurasa. Usiandike "kwa hakika". Mtoto gani anasema kwa hakika. Mkataba usome mpaka chini na kazi yako isajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla hujaitembeza.

Watoto wakitaka kuwaona hao wanyama waende wapi?

Kima punju Jozani, wamehesabiwa zaidi ya 5,800 kwa kisiwa kizima kwenye ripoti ya 2017, wengi kuliko ilivodhaniwa, na yale matuta ya barabarani pale yamewekwa kwa ajili yao kwaiyo mwambieni dereva asilalamike. Msiwape chakula na msiwasogelee. Kobe wapo Changuu, kaa wa nazi Chumbe na Misali ila muombe mlale maana mchana hatoki, pomboo Kizimkazi, na huko tafadhalini msimkubalie nahodha anayewakimbiza pomboo kwa boti ili nyinyi mpige picha. Popo Kidike, jioni, kabla ya magharibi kidogo, wanapoanza kuamka na kugombana.

Bibi, popo analala kichwa chini, akienda haja si itamuangukia usoni?

Swali la mtoto wa darasa la pili, Pemba, kwa barua, na ndo swali bora nililopata mwaka huu. Hapana mjukuu wangu, anageuka. Anashika tawi kwa zile kucha za kwenye mabawa, anateremsha miguu, kichwa kinakuwa juu kama chetu, anamaliza shida yake, alafu anarudi kuning'inia kama kawaida. Nimeona kwa macho yangu Kidike, tulikwenda na wanafunzi, na kijana mmoja alokuwa amesimama chini kabisa ya tawi naye kaona, ana ushahidi kwenye shati la skuli.